Gari la zamani linagoma kuwaka au linazima njiani: kamata chanzo kabla ya kuagiza spea

Kigoma, kubahatisha spea ni kulipa mara mbili. Kifaa kikikosekana kwenye maduka ya Mwanga kinaagizwa Dar es Salaam, kinapakiwa kwenye basi, unakisubiri, unakifunga, halafu gari linabaki vilevile. Na kifaa cha umeme kikishafungwa, mwenye duka hakipokei tena. Ndiyo maana wenye Corolla 100, Mark II na Noah za zamani wana koili (kifaa kinachotengeneza umeme wa moto wa plagi) na pampu za akiba kabatini wakati kilichokuwa kibovu ni waya mmoja wa ethi, ule wa hasi.

Mwongozo huu ni wa magari ya petroli ya miaka ya 1990 kurudi nyuma, ya kabureta na ya injekta. Dizeli ina mambo yake, nimeiweka karibu na mwisho.

Andaa spana namba 10 na 12, brashi ya waya au msasa, mita ya umeme ya kawaida, plagi moja nzima ya ziada, kipande cha waya mwembamba, tochi, na mtu wa kukaa kwenye usukani. Weka gia huru, au P kama ni automatiki, vuta hendibreki na uweke jiwe kwenye tairi. Kwenye mteremko kama ule wa kutoka Mwanga kushuka stesheni, gari lisilowaka linaondoka lenyewe huku umeinama kwenye boneti. Sigara iwe mbali, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka.

Stata ikipigwa, injini inazunguka?

Swali hili lijibiwe kwanza. "Gari haliwaki" ni maneno ya mwenye gari; fundi anatakiwa kujua kama injini inazunguka ikakataa kushika, au haizunguki kabisa. Ni matatizo mawili tofauti yasiyokutana popote, na nusu ya pesa zinazopotea gereji hupotea kwa kuyachanganya.

Kama haizunguki

Washa taa kubwa, mwenzako apige stata, wewe tazama taa na usikilize.

Taa zikizimika kabisa mara stata inapopigwa, kuna kiungo kilicholegea au chenye kutu, mara nyingi kwenye vichwa vya betri. Zikififia na injini ikajizungusha kwa uvivu, betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi. Zikibaki kali vilevile na kimya kimetanda, umeme haufiki kwenye stata: angalia swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei. Kwa automatiki jaribu kuwasha ikiwa N, maana swichi ya gia ikichoka gari hukataa kuwaka kwenye P na kukubali kwenye N. Mlio wa "ta-ta-ta-ta" wa haraka ni betri au viungo vyake. "Ka!" moja nzito kila ukipiga, huku taa zikiwa kali, ni stata yenyewe.

Sasa pima betri. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, betri nzima isome karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikiwa chini ya 12 ni tupu. Kipimo kinachosema ukweli zaidi kinafanyika wakati stata inapigwa: volti zikiporomoka chini ya 9.6 au hapo karibu, betri haina nguvu hata kama asubuhi ilisoma vizuri. Gari likishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, alternata haichaji, au mkanda wake unateleza.

Kuna mazoea ya mafundi wengi ambayo nayapinga: kuchomoa kichwa cha betri gari likiunguruma ili kuona kama alternata inafanya kazi. Kwenye gari la kabureta na pointi (swichi ndogo ya kizamani inayokata umeme wa koili) unaweza kusalimika. Kwenye gari lenye kontrolo boksi, yaani kompyuta ya injini, volti zinaweza kupanda ghafla na kuichoma. Mita ya bei rahisi inakupa jibu lilelile bila kuua chochote.

Kabla ya kuhukumu betri, fungua vichwa vyake vyote viwili. Juu vinaweza kuonekana safi, ila ndani panapogusana na nguzo ya betri pana utando wa kijivu, au ule unga wa kijani na mweupe. Sugua mpaka risasi ing'ae pande zote mbili, kaza, jaribu tena. Ukitaka kukamata kiungo kibovu bila mita, piga stata kwa sekunde chache kisha shika vichwa vya betri na ncha za nyaya zake nene. Kilichopata joto kuliko vingine ndicho kinachozuia umeme.

Ethi huwa inasahaulika. Ule waya mnene wa hasi unatoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini, na kwenye magari yetu mara nyingi umefungwa juu ya kutu au juu ya rangi mpya baada ya gari kunyooshwa. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini kisichokuwa na rangi, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Safisha, au ongeza waya mnene kutoka kwenye injini kwenda moja kwa moja kwenye betri.

Vyote hivyo vikiwa sawa na stata bado inasema "ka!", igonge mwili wake taratibu kwa mpini wa nyundo huku mwenzako ameshikilia ufunguo. Ikizunguka, brashi za kaboni zimekwisha au kontakti za solenoidi (swichi nzito ya stata) zimeungua. Huo ni ushahidi, haujawa ukarabati, kwa hiyo ipeleke stata kwa fundi umeme siku hiyohiyo. Mara nyingi hubadilishwa brashi tu. Stata ikizunguka kwa mlio wa "zzzz" bila kuikamata injini, tatizo ni bendiksi, ile gia ndogo ya stata inayoikamata injini.

Gari la manyuo unaweza kulisukuma likawaka. La automatiki usijisumbue.

Injini inazunguka vizuri lakini haishiki

Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama vile haina kitu ndani, acha hapohapo. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kwenye injini fulani kuendelea kupiga stata ni kuzigongesha vali na pistoni. Fungua kifuniko cha oili, tazama kama kamshafti (shafti inayofungua vali) inazunguka stata ikipigwa. Kama injini yako ina kifuniko kisichoonyesha kamshafti, toa kifuniko cha distributa (kinachogawa moto kwenye plagi) na uangalie rota, kile kipande kinachozunguka ndani yake: isipozunguka, kuna kilichokatika.

Kama mzunguko ni wa kawaida, kuna maswali mawili: moto (cheche ya plagi) upo? Mafuta yapo? Anza na moto, ni rahisi kuuona.

Chomoa waya mmoja wa plagi, chomeka ile plagi ya ziada, lalisha mwili wake wa chuma kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta na mipira ya mafuta. Usiushike waya kwa mkono, umeme wake ni wa volti maelfu. Piga stata. Moto wa buluu unaolia "tak tak tak" ni mzuri. Wa njano na mwembamba ni dhaifu, na ndio unaowaka ukiwa nje kwenye hewa halafu unazimika ndani ya silinda penye mgandamizo.

Moto usipokuwepo kwenye waya wa plagi, rudi nyuma hadi kwenye waya unaotoka kwenye koili. Ukiwepo hapo na kwenye plagi haupo, tatizo ni kifuniko cha distributa, rota au nyaya. Toa kifuniko, kifute, kitazame ndani kwa tochi ukikiinamisha: ufa wenye kaboni huonekana kama mstari mweusi mwembamba kutoka kwenye nguzo moja kwenda nyingine, na umeme hupita humo badala ya kwenda kwenye plagi. Masika, unyevu peke yake unatosha kulizuia gari kuwaka, kwa hiyo kausha kwanza. Usiku pia kuna kipimo kizuri. Gari likiwa limewaka, zima taa zote, fungua boneti, tazama nyaya za plagi. Zilizochoka huvuja cheche ndogo za buluu pembeni, utaziona zikirukia kwenye chuma.

Ukizichomoa nyaya zote kwa mpigo, zirudishe kwa mpangilio. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari hupiga 1-3-4-2, Toyota za Corolla zikiwemo. Gari la pointi lazima nafasi ya pointi iangaliwe, kwa kawaida kati ya milimita 0.4 na 0.5, na nyuso zake zikiwa zimeungua kidogo zipitishwe msasa laini.

Kama hata kwenye koili hakuna moto, na gari ni Toyota ya injekta ya miaka ya 1990, usinunue kitu bado. Gari lenyewe linaweza kukuambia. Ndani ya boneti kuna kijisanduku chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Kifungue, upande wa ndani wa kifuniko kuna ramani ya herufi. Tafuta TE1 na E1, ziunganishe kwa kile kipande cha waya, fungua ufunguo bila kuwasha, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimweta mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimweta mara moja, ikatulia kidogo, ikamweta mara mbili, hiyo ni 12: kontrolo boksi haipati taarifa ya mzunguko wa injini, mara nyingi kutoka kwenye koili ndogo ya ndani ya distributa au waya wake. 14 ni mambo ya ignaita (kisanduku kinachoikatia koili umeme ili itoe moto) na koili. 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya hewa inayoingia, 41 ni sensa ya throto, mlango wa hewa ya injini. Namba haisemi "nunua sensa." Inasema "anzia kwenye njia hii": soketi, waya, kisha ndiyo sensa. Ukimaliza kutengeneza, toa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi ili kumbukumbu ifutike, uone kama kosa litarudi.

Neno moja kuhusu hiyo 22. Pale kwenye nyumba ya thamostati mara nyingi huwa na sensa mbili, moja ya geji ya dashibodi na moja ya kontrolo boksi. Watu hubadilisha ile ya geji, gari likaendelea kusumbua asubuhi, wakasema spea ni feki.

Moto upo, mafuta je?

Gari la kabureta: toa chombo cha filta ya hewa, angalia ndani ya kabureta, kanyaga pedali ya mafuta. Ukiona petroli ikiruka kama uzi mwembamba, mafuta yamefika. Isiporuka, angalia filta ndogo kwenye mpira, kisha pampu.

Gari la injekta: usihukumu pampu kwa sababu hukuisikia ulipofungua ufunguo. Toyota nyingi za wakati ule pampu haianzi mpaka stata ipige. Kwenye kijisanduku kilekile unganisha +B na FP, fungua ufunguo, halafu sikiliza kwenye mdomo wa tangi. Pampu iungurume, na ukibana mpira unaorudisha mafuta tangini uhisi msukumo. Ikiunguruma hapa lakini ukipiga stata haiungurumi, pampu ni nzima. Kinachoikatia umeme ni rilei au taarifa ya mzunguko wa injini. Hakikisha umesoma herufi vizuri, maana ukikosea tundu unaunguza fyuzi au zaidi.

Plagi zikitoka zimelowa na petroli inanukia, injini imelewa mafuta. Kanyaga pedali mpaka chini, ishikilie hapo na upige stata kwa sekunde kadhaa. Usiipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, ipumzike.

Kisha kuna petroli yenyewe. Inayouzwa kwenye chupa barabarani, mimina kidogo kwenye chupa nyeupe na uiache itulie. Maji hukaa chini na mstari wake unaonekana wazi. Dondoshea tone kwenye karatasi: petroli safi hukauka bila doa, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Na ukiishiwa pale Kibirizi ukaazima kwenye kidumu cha boti, uliza kwanza. Petroli ya mashine za boti nyingi ina oili imechanganywa humo ndani, gari litakwenda kwa moshi na plagi zitapata masizi.

Linawaka lakini linazima

Hapa wengi hupotea, kwa sababu gari likifika gereji linawaka kama halijawahi kuumwa. Fundi hana cha kupima. Kwa hiyo wewe uliyekuwa kwenye usukani ndiye kipimo, na kuna jambo moja la kukariri kuliko yote: lilizimaje?

Likizima ghafla, kama mtu amefunga ufunguo, fuata umeme. Likizima kwa kusuasua, likivuta na kuachia, likikosa nguvu kwanza, fuata mafuta. Kama dashibodi ina geji ya mizunguko, itazame wakati injini inakata gari likiwa bado linatembea na gia imeingia. Mshale ukianguka sifuri papo hapo wakati tairi bado zinaizungusha injini, taarifa ya moto imekatika: distributa, ignaita, koili au swichi ya ufunguo. Mshale ukishuka polepole pamoja na gari, moto haukukatika.

Likiwaka na kuzima mara tu unapouachia ufunguo urudi, tatizo lipo kwenye swichi ya ufunguo, au kwenye rezista ya koili kwa magari ya zamani zaidi. Stata ikipigwa umeme hupita njia moja, ufunguo ukirudi hupita njia nyingine, na hiyo ya pili ndiyo imekatika.

Likizima ukikaribia kusimama, ukikata usukani au ukiwasha AC, halafu ukilikanyaga kidogo linatulia, safisha throto na ile vali yake ndogo ya hewa, kaboni imeziba. Angalia pia mipira ya vakyumu. Chukua kipande cha hosipaipu, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe karibu na mipira: penye ufa utasikia mfyonzo.

Likizima likishapata joto na kukataa kuwaka mpaka lipoe, usikae kivulini ukisubiri. Hizo dakika ndizo zenye jibu. Toa plagi ya ziada, pima moto hapohapo njiani. Hakuna moto? Weka kitambaa kilicholowa maji juu ya koili, subiri kidogo, pima tena. Ukirudi, koili inakufa kwa joto. Usiporudi, angalia ignaita na koili ndogo ya distributa. Moto upo? Pima pampu. Kwa gari la kabureta lenye pampu ya pembeni ya injini, petroli inaweza kuwa imegeuka mvuke kwenye mpira; kitambaa cha maji juu ya pampu na mpira kinatosha kukufikisha nyumbani, kisha mpira usogezwe mbali na eksozi.

Likiishiwa nguvu kwenye kupanda, kwa mfano ukiitafuta Manyovu au Kasulu umebeba mzigo, na tambarare linakwenda vizuri, anza na filta ya mafuta. Kabla hata ya kuinunua, fungua mfuniko wa tangi pale linapozima. Ukisikia "fsss" ndefu ya hewa ikivutwa ndani na gari likawaka, tundu la kupumulia la tangi limeziba, na ukarabati ni wa bure.

Likizima kwenye matuta na makorongo tu, tingisha nyaya moja moja gari likiunguruma: soketi ya distributa, rilei, vichwa vya betri, na funguo. Rundo zito la funguo linaloning'inia huila swichi.

Dizeli

Mkonga (Land Cruiser) na Hilux za dizeli za zamani hazina plagi za moto, kwa hiyo maswali ni hewa, mafuta na joto. Fungua ufunguo na usikilize kwenye pampu ya nozeli: uisikie "tik" ndogo ya solenoidi inayofungua mafuta. Isipolia, pima umeme kwenye waya wake. Likizima ghafla na kuwaka baada ya kutingisha huo waya, umemaliza.

Likiwaka asubuhi kwa shida, likazima, kisha likakubali baada ya kupiga pampu ya mkono iliyo juu ya filta, hewa inaingia usiku. Tafuta mpira uliopasuka au wosha iliyochoka kati ya tangi na pampu. Mara nyingi dizeli haivuji nje, hewa tu ndiyo inaingia, ndiyo maana hakuna tone chini. Filta yenye kifungulio cha chini, toa maji hasa baada ya kujaza kwenye madumu. Likisumbua kwenye baridi ya asubuhi tu na kutoa moshi mweupe, pima hita plagi (plagi za kupasha joto silinda) moja moja.

Usiwashe dizeli yenye hita plagi kwa kitambaa cha petroli au dawa ya kupulizia kwenye mdomo wa hewa. Inalipuka kabla ya wakati wake, na hapo unavunja ringi au pistoni.

Ukishakamata chanzo

Andika namba ya chasisi na aina ya injini kutoka kwenye bamba lililo ndani ya boneti; neno "Corolla" peke yake halitoshi. Piga picha ya kifaa cha zamani, namba zilizochapwa juu yake, na soketi yake kwa mbele ili pini zihesabike. Tuma picha hizo kabla ya pesa. Cha zamani usikitupe wala usimwachie fundi mpaka kipya kimefungwa na gari limekwenda Kidahwe na kurudi likiwa limepata joto.